Utafiti wa wakimbizi usiishie siku ya cheti cha uraia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na watafiti wa vyuo vikuu vyetu, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) inayotoa vibali vya utafiti, na wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi wanaosimamia masuala ya wakimbizi. Nina ombi moja. Njooni kwetu sisi tuliokuwa wakimbizi wa Burundi tukapewa uraia wa tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni aliyeomba, mtufuatilie kwa miaka kadhaa, na mtakachokikuta mkiandike kwa Kiswahili kabla nchi haijaamua tena jambo kubwa juu ya Warundi walioko kambini.

Ninaandika kutoka Ulyankulu, wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora. Ni mkulima wa tumbaku, na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa chama chetu cha msingi. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1972, baada ya mauaji yaliyoanza Burundi mwishoni mwa Aprili mwaka ule. Kaka yangu alivuka akiwa mgongoni mwa mama. Mimi nilizaliwa hapahapa mwaka 1975. Nilizaliwa mkimbizi, nikasoma nikiwa mkimbizi, nikaoa nikiwa mkimbizi, na nilipokabidhiwa cheti cha uraia tayari nilikuwa baba wa watoto wanne.

Kwa vijana wasioijua habari hii, nieleze kidogo. Serikali ya Mwalimu ilitenga makazi matatu kwa ajili ya Warundi wa 1972: Ulyankulu mwaka uleule, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Haya hayakuwa makambi ya mahema. Watu walipewa ardhi ndani ya pori la miombo, pori la mbung'o, wakapewa majembe na mbegu, na chakula cha msaada cha kuwafikisha kwenye mavuno. Baba alikuwa akisema mti wa kwanza alioukata ulimchukua siku nzima kwa sababu mikono ilikuwa bado inatetemeka. Ulyankulu ilijaa haraka kuliko ilivyotarajiwa, maji na ardhi vikawa havitoshi, na maelfu ya watu wakahamishiwa Mishamo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Wazee wetu walilichukulia jambo lile kama lao pia, na walikuwa na haki.

Lakini tulibaki wakimbizi. Kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali cha mkuu wa makazi, hata kama ulikuwa unakwenda Tabora mjini kutibiwa.

Mwaka 2007 Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) walituandikisha nyumba kwa nyumba. Tulikuwa karibu watu 218,000 katika makazi yote matatu. Kila familia iliulizwa kama inataka kurudi Burundi au kubaki na kuomba uraia. Karibu watu wanne kati ya watano walisema wanabaki. Nyumbani kwetu hesabu haikwenda hivyo. Tulikuwa wana wawili, na tuligawanyika.

Kaka alichagua kurudi. Baba kabla ya kufa alikuwa amemwelekeza shamba la michikichi lilipo, karibu na Nyanza-Lac, upande wa kusini wa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Kaka aliona ni deni. Nilimsihi sana. Mama alilia, kisha akasema kila mtu asikilize moyo wake. Mwaka 2008 kaka alipanda lori na mke wake na watoto waliozaliwa Ulyankulu, waliozoea Kiswahili, ambao Burundi walikuwa wanaisikia tu kwenye hadithi. Zaidi ya watu 50,000 wa makazi yetu walirudi katika miaka ile.

Alilikuta shamba. Alikuta pia familia nyingine ndani yake, watu waliowekwa pale baada ya 1972, ambao nao walikuwa wamezika wazazi wao katika ardhi ileile. Rumonge na Nyanza-Lac zilijaa kesi za namna hiyo. Kaka alihangaika na tume ya ardhi, akapata kipande, akanyang'anywa, akapata tena nusu yake. Ilipofika 2015, nchi ilipochafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, alikimbia kama baba alivyokimbia. Alipita Kagunga, mahali pale ufukweni ambapo maelfu walikwama na kipindupindu kikawaingia, akapandishwa meli ya Liemba mpaka Kigoma, kisha akapelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Yuko huko mpaka leo.

Kwa hiyo, Mhariri, tumbo moja limezaa Mtanzania na mkimbizi. Mama alipofariki, kibali cha kaka kutoka kambini kilichelewa, na mazishi hayakumngoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kaka yangu amehojiwa na watafiti mara nyingi kiasi kwamba anajua mpangilio wa maswali. Kwanza fomu ya ridhaa, halafu umri na idadi ya watu katika kaya, halafu chakula, kuni, maji, usalama wa wanawake wanapokwenda porini, halafu swali la mwisho: una mpango wa kurudi Burundi? Wamekuja wanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Ulaya, wamekuja wadadisi wenye tabuleti, wamekuja wahadhiri wa hapa nchini. Wengi ni watu wema. Mmoja alikaa naye mchana kutwa bila kuangalia saa, na kaka bado anamkumbuka kwa heshima.

Mimi, niliyechagua kubaki na kuomba uraia, tangu nilipopewa cheti sijaulizwa na mtafiti yeyote maisha yanakwendaje. Nimeuliza majirani, nimeuliza wajumbe wa vyama vingine vya msingi hapa Ulyankulu. Wachache wanakumbuka kuhojiwa, na karibu wote wanasema ilikuwa zamani, wakati wa kusubiri vyeti. Mkimbizi akiwa mkimbizi, mlango wake unagongwa. Akishakuwa raia, anayebisha hodi ni mtu wa ushuru.

Sisemi haya kwa sababu nataka kusifiwa au kupewa sabuni ya mahojiano. Nasema kwa sababu kilichofanyika kwetu ni jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya. Aprili 2010 Serikali ilitangaza kuwapa uraia kwa mkupuo watu zaidi ya 162,000. Katika vitabu vya taaluma ya wakimbizi kuna suluhisho tatu za kudumu: kurudi nyumbani kwa hiari, kuhamishiwa nchi ya tatu, na kuingizwa katika jamii iliyokupokea. Hilo la tatu ndilo linaloogopwa zaidi na serikali nyingi, na Tanzania ililifanya. Halafu tumeliacha bila kulipima. Leo wanasiasa wanapobishana juu ya wakimbizi wa kambi kama Nyarugusu, mmoja anasema wakipewa nafasi watamaliza ardhi, mwingine anasema wataleta fujo, wa tatu anasema watajenga uchumi. Kila mmoja anasema kwa sauti kubwa na hakuna mwenye daftari mkononi. Majibu yao mengi yangeweza kupatikana hapa Ulyankulu, na Katumba, na Mishamo.

Sisi wakulima wa tumbaku tunajua tofauti ya makisio na mizani. Kabla ya msimu ofisi inaandika makisio ya kila mkulima, kilo ngapi anatarajia kuuza, na mikopo ya mbolea inafuata namba hiyo. Siku ya soko, robota la tumbaku linawekwa juu ya mizani mbele ya mteuzi anayepanga madaraja, na hapo ndipo ukweli unaonekana. Mjadala wa wakimbizi katika nchi hii unaendeshwa kwa makisio.

Sidai kwamba utafiti hauna nguvu. Nimeona nguvu yake kwa macho yangu. Tulipopewa uraia mwaka 2010, tangazo lilikuja na sharti: makazi yafungwe, na sisi tutawanywe katika mikoa 16 ya Tanzania. Cheti ungekipata ukishahama. Watu walikaa kama abiria wanaosubiri basi lisilo na ratiba. Tuliacha kupanda miembe. Tuliacha kufyatua matofali. Darasa likibomoka halikujengwa, kwa nini lijengwe mahali panapofungwa? Uchaguzi Mkuu wa 2010 ulipita sisi tukiwa raia kwa tangazo na wakimbizi kwa karatasi. Mwaka 2011 uhamishaji ukasimama, wala hatukuambiwa nini kinafuata.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa kinachunguza uhamaji wa kulazimishwa kilikuwa kimeshirikiana na wenzao wa nje kuja kuwauliza watu wa makazi haya wanataka nini na kwa nini. Mwaka 2013 ikatoka ripoti nyingine ya shirika la kimataifa la haki za wakimbizi, iliyoeleza jinsi uraia uliositishwa nusu njia unavyowaumiza watu. Walichosema watu katika kazi hizo ni kile nilichokuwa nakisikia kila siku kilabuni na kanisani: uraia wetu una anwani. Mtu anakuwa Mtanzania akiwa na shamba lake, jirani yake Mnyamwezi anayemwazima jembe la kukokotwa na ng'ombe, kaburi la mzazi wake. Ukimtoa hapo ukampeleka wilaya asiyoijua, umempa karatasi na umemfanya mkimbizi upya. Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kugawa vyeti, na sharti la kuhama likaondolewa. Mwaka 2015 tulipiga kura. Siwezi kusema ni ripoti peke yake iliyobadilisha uamuzi. Wabunge walisema, wazee wetu walisema, mikoa iliyotakiwa kutupokea nayo ilisita. Lakini sauti zetu zilikuwa zimeandikwa mahali, na mtu mwenye madaraka akitaka kuzisoma angeweza.

Tangu hapo, sauti hazijaandikwa tena kwa kiasi kinachotosha. Na maswali yaliyobaki ni mazito. Nitaje yale ninayokutana nayo mezani kwangu.

La kwanza ni ardhi. Ardhi hii ilikuwa ya makazi ya wakimbizi. Baba alionyeshwa mipaka na mpimaji, akalima hadi akafa, mimi nalima, mwanangu mkubwa analima upande wa mtoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ni familia ngapi za waliopata uraia zina hati hiyo mkononi, katika makazi yote matatu? Wajane wangapi? Mwanamke aliyepewa cheti cha uraia kwa jina lake mwenyewe, mume akifa, shamba linabaki kwake au linakwenda kwa shemeji? Mimi naweza kuhesabu wa mtaani kwangu. Nchi inahitaji hesabu ya wote.

La pili ni watoto waliozaliwa katikati. Fomu zilijazwa 2007 na 2008, uraia ukatangazwa 2010, vyeti vikaja kuanzia 2014. Mtoto wa mdogo wa mke wangu alizaliwa baada tu ya fomu kujazwa. Alipofika umri wa kutafuta kitambulisho cha taifa, katika ofisi moja ya umma aliulizwa babu yake alizaliwa wapi, akajibu ukweli, na faili lake likawekwa pembeni. Alirudishwa akalete cheti cha mama, akaleta. Akarudishwa akalete cha baba, akaleta. Akaambiwa jina lake halimo katika vyeti hivyo. Kijana huyo hajawahi kuvuka mpaka wowote katika maisha yake. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hawezi kulipwa fedha za tumbaku kwa simu. Je, yuko peke yake, au wapo maelfu? Hilo ndilo swali la kitafiti. Ofisa akijua wako maelfu, atahitaji mwongozo kutoka juu. Akidhani ni mmoja, atamrudisha nyumbani.

La tatu ni wale ambao hawakupata. Wapo waliokataliwa, wapo waliokata rufaa, wapo waliokuwa safarini siku ya kuandikishwa, na wapo Warundi wa 1972 ambao hawakuwahi kuishi katika makazi, waliojichanganya na Waha katika vijiji vya Kigoma tangu mwanzo. Mtaalamu mmoja wa anthropolojia aliyeishi Mishamo na Kigoma mjini miaka ya 1980 aliandika kitabu, kikatoka 1995, kinachosomwa mpaka leo katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Binti yangu alikikuta alipokuwa anasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akanisomea sehemu zake kwa simu, akitafsiri. Mtaalamu yule alionyesha kwamba watu wa Mishamo waliushika ukimbizi wao kama nguzo, na wale wa mjini waliuficha wakaishi kama watu wengine. Nilisikiliza nikashangaa, kwa sababu niliwatambua watu. Nikatamani kujua wajukuu wa watu hao wawili leo wako wapi, nani ana kitambulisho, nani ana nyumba, nani amesoma mpaka wapi.

La nne ni majirani. Wanyamwezi na Wasukuma wanaotuzunguka waulizwe nao, tena waulizwe bila sisi kuwepo. Wao wanasemaje juu ya uraia wetu? Wamepata nini, wamepoteza nini? Utafiti unaotuuliza sisi peke yetu utakuwa wimbo wa kujisifu.

Kwamba kazi hii inawezekana, ushahidi upo humuhumu Tanzania. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Kagera, watafiti walihoji kaya zaidi ya 900, tena wakarudia kuzihoji. Lengo lao wakati ule lilikuwa kujua kifo cha mtu mzima kinaiathirije familia, maana UKIMWI ulikuwa unafyeka. Mwaka 2004 wakawatafuta watu walewale. Mwaka 2010 wakawatafuta tena, hata waliokuwa wamehamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Katikati ya miaka hiyo, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakaingia Ngara, mkoani humohumo. Kwa kuwa wenyeji walikuwa wameshahojiwa kabla ya mafuriko hayo ya watu, wachumi waliweza kulinganisha kabla na baada. Wakakuta jambo ambalo mwanasiasa wa upande wowote halipendi lote: wenyeji waliokuwa wanaishi kwa vibarua vya shambani waliumia, kwa sababu wakimbizi walikubali ujira mdogo, waliokuwa na mazao ya kuuza au biashara walipata nafuu, na barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya misaada ziliendelea kuwanufaisha watu wa Kagera miaka mingi baada ya makambi kufungwa.

Hilo ndilo ninaloliita utafiti. Halikumpendeza mtu, lilipima. Sasa linganisheni na jinsi tunavyoamua mambo. Mwaka 2018 nchi yetu ilijitoa katika mpango mpana wa Umoja wa Mataifa wa kushughulikia wakimbizi, ule ulioitwa CRRF. Baadaye masoko ya pamoja yaliyokuwa yanawakutanisha wakimbizi na wenyeji mkoani Kigoma yakafungwa. Desemba 2021 kambi ya Mtendeli ikafungwa. Serikali ina haki ya kuamua, na ina sababu zake: usalama, misitu, na ahadi za wafadhili ambazo mara nyingi zinabaki ahadi. Swali langu ni dogo. Mama wa Kiha aliyekuwa anauza ndizi na maharage katika soko lile amepoteza kiasi gani? Kuna mtu alimpima kabla, akampima baada?

Nijibu hofu mbili ambazo najua zitakuja. Ya kwanza ni ya watu wetu wenyewe. Nilipolitaja wazo hili kwenye mkutano wa chama, mzee mmoja alisimama akasema, "Tukihesabiwa tena, watatafuta wa kuwafukuza." Alizungumza kwa uchungu na watu walimpigia makofi. Uraia wa tajinisi kisheria unaweza kufutwa, na kila mtu hapa anajua hivyo. Pia watu wamechoka kuitwa "wale Warundi." Mtafiti atakayekuja lazima aiheshimu hofu hiyo. Majina yasibaki katika daftari linaloweza kufunguliwa na yeyote. Mtu akikataa kuhojiwa, mlango wake usirudiwe. Ofisa wa Serikali asikae chumbani wakati wa mahojiano. Na wadadisi wengine watoke miongoni mwa vijana wetu waliomaliza kidato cha sita na vyuo, ambao wapo wengi na hawana kazi. Hapo ndipo mzee yule atafungua mlango, na hata asipofungua, atakuwa amekataa kama raia.

Hofu ya pili ni ya fedha. Nitaambiwa wafadhili hutoa fedha za kuchunguza wakimbizi, na sisi si wakimbizi tena. Ndiyo, na ndiyo maana namwandikia mtu wa nyumbani. Mfadhili wa nje ana hamu yake, na hamu hiyo inamfuata mkimbizi kambini. Kujua kama Watanzania 162,000 na watoto wao wameingia kweli katika nchi yao ni kazi ya Tanzania, kama ilivyo kazi yake kujua mavuno ya mahindi.

Kuhusu matokeo, mapendekezo yangu ni ya vitendo. Mtafiti wa wakimbizi anayepewa kibali hudaiwa nakala ya ripoti. Sharti liongezwe: muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, nakala moja ibaki ofisi ya kata, moja halmashauri, na kama alifanya kazi kambini, nakala zibaki kambini pia, mikononi mwa viongozi wa wakimbizi. Arudi mwenyewe, au atume mtu, ausome mbele ya mkutano wa kijiji, watu waulize. Kaka yangu ametoa maisha yake yote kwa watu wenye tabuleti: shamba la michikichi, Kagunga, mazishi ya mama. Hajawahi kuona ukurasa mmoja wa kilichoandikwa. Nilimuuliza kama anaona uchungu. Alisema angependa tu kujua kama waliandika jina la kijiji cha baba kwa usahihi.

Mwisho, kwa mtafiti atakayeguswa akaamua kuja. Usije kati ya Februari na Aprili, maana tunakuwa kwenye mabani usiku na mchana tukikausha tumbaku, na barabara ya kutoka Tabora inakuwa tope. Njoo masoko yakishafungwa, Agosti mpaka Oktoba. Pita kwanza kwa mtendaji wa kata, halafu kwa wachungaji, halafu kwa akina mama wa vikundi vya kukopeshana, kwa sababu wao ndio wanaojua nyumba ipi mtoto wake hana kitambulisho. Wanawake wahojiwe asubuhi kabla ya jua kali, na wahojiwe na mwanamke. Vyeti tunavihifadhi kwenye mifuko ya plastiki juu ya dari. Ukituambia mapema tutavishusha, utavisoma mwenyewe.

Katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku,
Ulyankulu, Kaliua, Tabora.